Kilichonaswa na Nanga

Fundi Saa, kama alivyoendelea kuitwa hata baada ya kustaafu, aling'oa nanga asubuhi huku mkewe akikata mkate wa chai. Nanga ilitoka majini na ndara ya mama yake Fundi Saa, ya kushoto, yenye mkanda ulioshonwa kwa uzi mweusi. Mkanda huo Fundi Saa aliushona mwenyewe.

"Ni ya mama," alisema.

"Ianike," mkewe akajibu.

Walikuwa wamehamia ndani ya boti yao kufuata pwani, bandari hadi bandari, ili wale maisha. Mama alibaki nyumbani. Kwa kuogopa machozi ya kuagana, walimwambia wanatoka mara moja kununua mkate. Jirani angekuwa akimchungulia. Siku hiyo mvua zilikuwa hazijaanza, sasa zimekwisha.

Bandari iliyofuata, nanga ilileta birika la mama, bado la moto. Kisha mto wake, kisha pazia la chumbani. Mwenye boti ya jirani alipouliza kama wanahama nyumba, mke alicheka kicheko cha meno tu, na Fundi Saa akajitia anafuta usukani. Tangu siku hiyo vitu vya mama vilikauka chini ya kitanda.

"Tugeuze turudi," Fundi Saa alisema.

"Tukishaipita rasi ile," mke akajibu.

Moyoni mumewe alishukuru kwamba aliyesema hivyo si yeye.

Walipoipita rasi, nanga ilikuwa nzito, wakaivuta wote wawili. Alitoka mama, ameketi kwenye kiti chake, mkoba mapajani, miguu mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mkate mmepata?"

Mezani, nyuma ya mlango wa chumba cha boti uliokuwa wazi, ulibaki nusu mkate. Mke aliusukuma mlango kwa kisigino.

"Duka limefungwa, mama," Fundi Saa alisema. Alimtazama magotini, juu zaidi hakuweza.

"Basi msihangaike. Nawasubiri."

Mke alileta ile ndara, akamvisha. Fundi Saa akaulegeza mnyororo wa nanga taratibu, asije akamrushia maji usoni. Maji yalipomfika kifuani, mama aliuinua mkoba usilowe.

Siku hizi hawatii nanga. Wanafunga kamba gatini, na chai wanakunywa kavu.