Zamu ya Puerto Garza

Vijiji vya juu ya mto havikusikika chini, na vya chini havikusikika juu. Kila neno lilipitia redio ya San Fermín, kijiji cha katikati, kwa Zulmira Tamani, naye alilirudia vilevile, bila kupunguza wala kutia chumvi. Asubuhi masafa ya redio yalikuwa ya vijiji. Jua likishapanda, ni ya maboti, na mwanakijiji afunge mdomo.

Zulmira ndiye aliyegawa zamu. Wenye sauti kali kwanza, wenye betri chovu baadaye. Aliyemaliza alisema "badili", mwingine apokee. Wa mwisho kabisa ni Otilia wa Puerto Garza, mama yake mzazi. Si kwamba hakumpenda, jamani! Aliogopa maneno ya watu. Angemtanguliza siku moja tu, mto mzima ungesema redio ni ya ukoo.

Leo Otilia alitaka boti la Kapteni Rómulo limchukue, akatolewe mtoto wa jicho mjini. Madaktari wa macho walikuwa wanaondoka wiki hiyo, na boti halisimami bila kuombwa.

Tk-tk. Mama alibonyeza kitufe mara mbili: nipo.

"Subiri, Puerto Garza," alisema Zulmira.

Mzee Hildebrando, muuza duka wa kijiji cha juu, alikuwa bado anasimulia habari za kuku wake.

"Mjomba, fupisha!"

"Nifupishe? Mke wangu nilimpata kwa maneno mengi, binti! Badili."

Tk-tk. Jua likapanda.

"Masafa ni yetu sasa, dada," Kapteni Rómulo akaingilia.

Kabla Zulmira hajajibu, Hildebrando akawahi: "Mwache bibi aseme, Rómulo! Zamu yake nimeila mimi."

"Haya, upesi. Badili."

Sauti ya mama ilikuja hafifu, Zulmira akairudia: "Kapteni, simama Puerto Garza, naenda kutibiwa macho. Badili."

"Nitasimama, mama. Badili."

Mama akaendelea kusema. Zulmira akaachia kitufe bila kurudia.

"Anasemaje?" kapteni akauliza.

Desturi ni desturi. Zulmira akabonyeza kitufe.

"Anasema, mwambieni binti yangu simdai zamu. Siku nyingine sina hata neno la kusema. Nabonyeza tu, nimsikie akiniambia 'subiri'. Badili."

Zulmira alilia waziwazi, na hakujali nani anamsikia.

Kesho yake alfajiri aliwasha redio na kuita kabla ya wote: "Puerto Garza, sema. Badili."

Kimya.

"Binti, mama yako yuko botini," alisema Hildebrando.

"Najua, mjomba. Subiri, hii ni zamu yake."