Mforsadi na Mwisho wa Kuhama

Shoka lilizama mara ya mwisho, mforsadi ukalalia ukuta wa mawe, na matunda yake mabichi yakatawanyika miguuni pa Sarbiland.

Mkewe, Spinzara, alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Baba Nangyal, mti huu aliupanda mama yako."

"Ndiyo sababu. Watoto wa Mirbash hawatakula tunda la mama yangu."

Mirbash alikuwa binamu yake. Babu zao walikuwa ndugu, na bondeni kule hakuna adui anayekujua vizuri kama binamu. Tangu kabila lilipoingia kutoka upande wa Kabul na kuiteka nchi ile, shehe aliyewagawia ardhi aliweka sharti: ndugu mmoja asinenepe juu ya udongo mzuri huku mwenzake akikonda juu ya mawe. Kwa hiyo kila baada ya miaka kumi, watu wa mlimani walishuka mtoni kwenye mpunga, na wa mtoni walipanda mlimani. Kila mtu alihama na boriti za nyumba yake. Mtu mwenye akili hakupanda mti. Mama yake Sarbiland aliupanda wake, na watu wakamcheka mpaka anaingia kaburini.

Miaka kumi Sarbiland alikula mkate wa mahindi, akiutazama mpunga wa Mirbash ukigeuka rangi kule chini. Sasa kura ilikuwa imekwisha kupigwa. Shamba lile la mtoni lilimwangukia yeye, na kibanda hiki cha mlimani kikamwangukia Mirbash. Paa alikuwa amelishusha jana. Boriti zilikuwa ndefu kwa punda, na vyumba vya kule mtoni ni vyembamba, akazikata kila moja vipande viwili. Kilichobaki ni baraza la wazee kuomba dua, kisha safari.

Alishuka barazani amevaa kilemba kilichofuliwa.

Malik Rokhan, mkubwa wa wazee, hakuanza na dua. Alitazama mikono yake kwanza. Kisha akaeleza kwamba mtawala wa bonde ameleta watu wake usiku, na kwamba desturi ya kuhama imekoma. Hakuna tena mlimani kushuka wala mtoni kupanda.

"Kila mtu abaki pale alipoamkia leo," alisema. "Yeye na wanawe na wajukuu wake."

Mzee mmoja alicheka, akidhani ni utani wa kufungulia kikao. Alipoona hakuna anayemfuata, akafunga kinywa. Sarbiland alisikia kila neno, lakini maneno hayakukaa. Yalipita kama maji juu ya jiwe.

"Na maji ya mfereji?" aliuliza hatimaye.

"Na maji pia."

Mirbash aliketi upande wa pili, akichokonoa meno kwa kijiti. Yeye alikuwa hajagusa hata boriti moja.

"Kila mwaka mnaniita mvivu," alisema taratibu. "Leo uvivu umenihifadhia nyumba. Paa lako wewe liko wapi, binamu?"

Watu wakaangalia mkono wa Sarbiland, wakingoja uende kwenye kisu. Haukwenda. Aliinuka, akatoka, akasahau viatu vyake vya ngozi mlangoni.

Nyumbani aliinua kipande cha boriti na kukiweka juu ya ukuta. Ncha ya pili ilining'inia hewani, ikaishia katikati ya chumba. Akajaribu kingine. Akajaribu na cha tatu, ingawa alivikata vyote mwenyewe na kwa kipimo kimoja.

Spinzara alimuuliza mizigo ipakiwe saa ngapi. Akamwambia yaliyosemwa barazani. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa bado mkononi.

"Tunabaki hapa mpaka lini?"

Neno "milele" Sarbiland hakuwahi kulitumia kwa ardhi, alilitumia kwa wafu tu.

Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja chumbani, juu ya magodoro yaliyokunjwa. Nje, mbuzi alikuwa amemaliza majani ya mti ulioanguka na sasa analamba kisiki, pale utomvu mweupe ulipokuwa bado unatoka. Spinzara aliweka ungo chini. Akaenda, akamfungua mbuzi, akamvuta akibisha, akamfunga kwenye mti wa miiba upande wa pili wa ua, ambako kamba haikuweza kukifikia kisiki, hata kikichipua.