Bawa la Horace Marfleet

Mimi hukusanya makoti ya wanajeshi wa ndege wa Vita vya Pili vya Dunia. Nina sheria moja tu, na mke wangu Doreen anasema ni sheria ya mtu mkaidi: koti la vita haliongezwi kitu. Likija halina kifungo, linakaa bila kifungo. Wapo wanaoshona nembo kwenye makoti matupu kisha wanakwenda kuyauza magulioni, wakiapa kwa mama zao kwamba marubani waliyavaa hivyo hivyo. Hao nawachukia kama kunguni. Ndiyo maana nina taa yangu ya zambarau. Nyuzi za siku hizi ukizimulika zinang'aa, za wakati wa vita hazing'ai, na mwongo anaumbuka hapo hapo.

Sasa, wiki ile ya Kumbukumbu ya Mashujaa, Enid Marfleet akaingia kwangu na mfuko. Enid ndiye anayetuokea mkate wa zabibu hapa kijijini, na baba yake, Horace, tulimzika mwezi wa tatu. Horace alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege za mabomu zilizokuwa zikiruka kutoka pale nyuma ya kanisa, ambako leo kuna mabanda ya kuku. Lincolnshire yetu hii ya Uingereza yote iko hivyo, ukichimba viazi unatoa risasi. Kila mwaka natundika makoti yangu kwenye ukumbi wa kijiji, na wazee waliobaki wa kikosi wanakuja kuyatazama.

"Cyril, nimelikuta chini ya kitanda cha mama," Enid akasema. "Nataka litundikwe Jumapili pamoja na mengine. Ila bawa limedondoka. Wewe unayo tele, nishonee moja."

Bawa ni ile nembo ya kifuani, bawa moja na herufi mbili, aliyopewa mpiga bunduki akihitimu. Nikalitandaza koti mezani, na moyo ukanishuka. Juu ya mfuko wa kushoto kitambaa kilikuwa cha buluu iliyokolea, umbo kamili la bawa, kwa kuwa jua halikupafikia. Pembeni, nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Bawa lililodondoka lenyewe haliachi nyuzi zilizokatwa hivyo. Siku zile, aliyekataa kuruka alivuliwa bawa mbele ya wenzake, akapelekwa kufagia vyoo.

"Mimi sishoni," nikasema. "Sheria yangu unaijua."

"Sheria, sheria! Makoti haya umeyazaa? Hebu nitazame usoni, Cyril. Nilipokuwa mdogo watoto walinizomea njia nzima, baba yako mwoga, baba yako mwoga. Nikamuuliza baba, akatoka kwenda kupalilia kabichi. Umeona nini hapo?"

Ningeweza kusingizia nondo wanaokula nguo. Lakini mimi nimeumbwa kusema nilichokiona, hata pale ambapo heri ningenyamaza. Nikamwambia.

Enid hakulia. "Kumbe lisemwalo lipo," akasema. Akalikunja koti taratibu, akalirudisha kwenye mfuko. "Basi, usilitundike."

Alipotoka, Doreen alisimama akinitazama, birika mkononi. "Hongera, bwana," akasema. "Mwenzio alikuja kuomba bawa, umemnyang'anya na baba." Iliniuma, maana alisema kweli.

Jumamosi akafika mzee Ambrose Tasker. Ambrose ndiye aliyekuwa rubani wa Horace, na kila mwaka hulala kwetu. Hata kofia hajavua, akauliza kama binti wa Horace, sasa baba yake hayupo, ameleta koti lake. Nikamweleza yote. Uso ukamwiva.

"Umemwambia tu alivuliwa, ukaishia hapo?"

"Niliona nyuzi, mzee."

"Uliona nyuzi! Mimi nilimwona mtu. Vaa viatu, twende."

Tukamkuta Enid jikoni kwake, unga hadi kwenye viwiko. Ambrose akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Binti, baba yako alikaa mkiani peke yake, kwenye baridi ya kugandisha machozi, safari baada ya safari. Siku moja ndege ya adui ikatujia kwa nyuma, akaiangusha. Asingeiangusha, leo nisingekuwa na wajukuu wa kunisumbua. Safari iliyofuata akafika kwenye ngazi, mguu ukakataa. Alijaribu, nikimwona. Akaniambia, 'Kapteni, siwezi tena.' Kwa hilo moja wakamkata bawa, sisi tumepangwa mstari tunatazama."

"Kwa hiyo aliogopa," Enid akasema.

"Aliogopa tangu siku ya kwanza! Nani hakuogopa? Mimi nilikuwa nikitapika ndani ya buti. Yeye aliogopa akapanda, akaogopa akapanda, mpaka akaisha. Bawa lile lilikuwa lake, binti. Alilitolea jasho."

Enid akajifuta macho, uso ukabaki na unga. "Si angeniambia tu," akasema. "Ningempenda vilevile, mzee mkaidi yule."

Nikamwambia abebe mfuko wake, tukarudi wote kwangu. Nikafungua droo, nikatoa bawa la mpiga bunduki lililo bora kuliko yote niliyonayo, lile ambalo watu huniomba na mimi huwafukuza. Doreen alipoliona akakimbilia kopo la biskuti ninamotunzia uzi wa wakati wa vita.

"Sio huo," nikasema. "Lete ule wako wa kushonea mapazia."

"Ushaanza! Utaliharibu, Cyril."

"We lete tu, mke wangu."

Nikashona polepole, sindano nikiipitisha kwenye matundu yale yale ya zamani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulishonea koti lolote kitu. Nilipomaliza nikafunga mapazia, nikawasha taa ya zambarau. Koti likabaki jeusi, na mishono ikang'aa kulizunguka bawa lote.

Enid akashtuka. "Si kila mtu atajua limeshonwa leo?"

"Ndiyo, ajue. Atakayemulika ataona kwamba lilikatwa, na ataona kwamba lilirudishwa."

Ambrose akakohoa, akavua kofia yake hatimaye. Enid akasogea, akaligusa bawa kwa kidole.

"Zima taa, Cyril," akasema. "Nimwone baba."

Nikazima, nikafungua mapazia.