Ndara za Bi Lau

Noof alikwishakata shauri: mgeni atalala hotelini, mtaa wa Bawshar jijini Muscat. Gari linanguruma nje, kiyoyozi kimewashwa, na sanduku la mgeni limesimama mlangoni. Lakini mama yake, Bi Kheiria, naye alikuwa na shauri lake, na Bi Kheiria akishashika jambo, gari litanguruma mpaka mafuta yaishe.

Mgeni mwenyewe ni Bi Lau wa Hong Kong. Yazan, kitindamimba wa Bi Kheiria, alipokuwa akisoma huko alikosa pa kulala. Bi Lau, mama wa mwenzake darasani, akamtandikia godoro sebuleni, katika nyumba ndogo ambayo ukifungua mlango unagonga meza. Miezi minne! Leo mama huyo apite Muscat, apelekwe hotelini kama mtu asiye na watu wake? Bi Kheiria aliona bora ardhi immeze.

Kwa hiyo alijifunza Kikantoni. Yazan, aliyekuwa kazini Salala, alimpelekea sauti kwa simu wiki tatu mfululizo, naye akayaandika maneno kwa herufi za Kiarabu juu ya kadibodi ya biskuti na kuibandika kwenye friji. Gam maan hai dou fan la, lala hapa leo. M hou ji si, naona haya kukusumbua. Daa dei pou, kutandika chini. Hilo la mwisho alilipenda mno, maana kwao Unguja, alikokulia, mgeni hupewa kitanda, jamaa hutandikiwa chini pamoja na wenyeji.

Walipomaliza kula mchana, akasimama katikati ya majilisi, chumba cha kupokelea wageni.

"Gam maan hai dou fan la!"

Bi Lau akapunga mikono yote miwili. "M hou ji si, m hou ji si!"

"Umeona, Mama?" alisema Noof. "Anakataa. Usimlazimishe, utatuaibisha."

"Akatae nini! Tangu lini mtu mwenye adabu zake akakubali mara ya kwanza? Weye nlikulea wapi?"

Akasema tena. Bi Lau akakataa tena, ila safari hii kwa sauti ndogo, na mkono mmoja.

Bi Kheiria hakusema mara ya tatu. Alitoa magodoro mawili kabatini, akayatandika juu ya zulia yakigusana, akajilaza kwenye moja mchana kweupe, na kulipiga lile la pili kwa kiganja. "Daa dei pou! Mie na weye. Noof, kazime gari."

"Mama, watu watasemaje?"

"Waseme! Nnalala kwangu."

Bi Lau aliyatazama magodoro kwa muda. Kisha akapiga magoti, akalilaza sanduku lake na kulifungua. Juu kabisa ya nguo palikuwa na ndara za kitambaa za kuvaa ndani, zimelika visigino. Akazitoa, akazipanga miguuni pa godoro.

"Haya, niambie," Bi Kheiria alimuuliza bintiye, "kuna mtu huenda hotelini na ndara zake za nyumbani?"

Noof akatoka kwenda kuzima gari.