Bega Lililotumwa na Akka

Siku ya pili ya Idi ya kuchinja, baada ya chakula cha mchana, Tuda alikaa mlangoni akiguguna bega la kondoo. Kisu hakikuruhusiwa; bibi yake angeusoma mfupa huo kutabiri mwaka, na mfupa uliokwaruzwa husema uongo.

"Taratibu, fisi wee," bibi yake, Izza, alimtania. "Huo mfupa, si mchumba."

Nyama ilikuwa imeletwa asubuhi na watu wa huyo mchumba wa Tuda, Akka, mgane wa kijiji cha juu mlimani. Kwa desturi mchumba hutuma paja. Safari hii walituma bega, labda kwa haraka, na bega husoma nyumba ya aliyechinja.

Izza aliupangusa mfupa kwa kitambaa, akauinua kwenye mwanga. Pale katikati, palipo pembamba kama karatasi, nyumba ya Akka ilionekana yote.

"Mvua ipo," alisoma. "Shayiri ipo. Mbuzi wawili watakufa. Akka yuko juu ya paa, anamsukuma mwanamke."

Tuda alisogea. Mwanamke, mdogo kama sisimizi, alitembea hadi ukingoni, mkono wa Akka mgongoni, akaanguka. Kisha akatokea tena kwenye ngazi, akaanza upya.

"Huyo ni marehemu mkewe, Hennu," alisema Haddu, babake Tuda, akimimina chai. "Waliniambia aliteleza akianua shayiri paani. Haya, Mungu amrehemu."

"Bega halisomi yaliyopita, Haddu. Linasoma mwaka unaokuja."

Mwanamke alikuwa amejifunga mkanda mwekundu. Tuda alimaliza kuusuka mkanda ule juzi, nao ulikuwa sandukuni, haujavaliwa na mtu.

"Baba, mrudishie nyama yake."

"Nyama gani? Si umeila sasa hivi?"

"Basi mpelekee nyingine."

"Nikaseme nini? Nimeshatoa neno mbele ya wazee, mwanangu."

Izza hakumpinga. "Ukifika kule, anika nguo uani," alimshauri mjukuu wake. "Paa mwachie yeye."

Haddu akauliza kama harusi iwe Alhamisi au Ijumaa. Wakakubaliana Alhamisi, kwa sababu Ijumaa kulikuwa na harusi nyingine bondeni.

Tuda alibaki na mfupa mkononi, akihesabu hatua za yule mwanamke kutoka ngazini hadi ukingoni. Zilikuwa kumi na moja. Alihesabu tena, asije akasahau.