Mdudu Mzima

Bi Mwanatabu aliokota machungwa ishirini na sita kabla ya chai, yote mabichi, kila moja na kitundu chake. Hapa Jomvu Kuu, tangu mumewe afariki, miti yake minane ndiyo inayomlisha, na msimu huu ilikuwa ikimwaga kila kitu chini. Alijifunga leso, akachukua chupa ya jemu mezani, akaanza safari ya tatu kwenda ofisi ya kilimo.

Ofisi ilikuwa imeletewa mitego ya kunasia nondo, wale wadudu wa kijivu ambao viwavi wao hutoboa machungwa. Lakini mtego hapewi mtu hivi hivi. Sharti kwanza upeleke mdudu akaguliwe.

Safari ya kwanza alipeleka kiwavi aliyepondeka ndani ya karatasi.

"Mama, nataka mdudu mzima," alisema Dishon, karani wa pale, kijana mpole mwenye fomu nyingi.

Safari ya pili akapeleka mzima kweli, hana hata mkwaruzo, anajinyonganyonga. Dishon akacheka kidogo. "Mzima ni yule aliyekomaa, mama. Mwenye mbawa."

Basi akarudi kumlea. Na alimlea haswa! Alimtilia mchanga chupani, akamfunika kwa kitambaa chepesi, akamkatia machungwa mazuri, adui yule yule aliyemmalizia miti. Siku kumi na tisa. Jana nondo akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, mzima huyu, na mbawa zake."

Dishon aliinua chupa dirishani. "Ndiye kabisa!" Akajaza fomu, akagonga muhuri, kisha akashusha sauti. "Lakini mitego imekwisha, mama. Tangu wiki iliyopita."

"Imekwisha? Wallahi, si wewe uliyenituma nikamfuge?"

"Ni utaratibu, mama. Sikuutunga mimi. Labda mwakani."

"Mwakani n'tategea nini, mwanangu, na miti ishakwisha?"

Dishon aliona haya, haya ya kweli, ambayo wakubwa wake hawakuwapo kuiona. Akamrudishia chupa kwa mikono miwili.

"Pole, mama. Nenda salama. Uwe mzima."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Mlangoni palikuwa na mchungwa wa ofisi, umemwagiliwa vizuri, umejaa maua. Bi Mwanatabu aliinama, akafungua kitambaa. Nondo alikaa kidogo ukingoni mwa chupa, kisha akaruka, akatua kwenye jani.

"Mama! Wafanya nini?"

"Mzima ni huyo," alisema Bi Mwanatabu, akijifunga leso upya. "Mleeni sasa nyinyi."