Waya wa Mgongoni

Baba alitoka Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, saa tatu kasorobo asubuhi, nikiwa naanika nguo. Tunakaa ghorofa ya tano, huku Kware, na kamba yetu ya nguo imefungwa kwenye kibaraza kinachotazamana na kibaraza cha jengo la pili. Mlango niliuacha wazi kwa sababu mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nilipogeuka kuchukua shuka ya mwisho, kiti chake kilikuwa kitupu na uji umebaki nusu kikombe. Koti lake la kijivu halikuwa kwenye msumari.

Nilipoona koti halipo, nilimshukuru Mungu. Ndani ya koti kulikuwa na mashine.

Baba aliitwa Musyoka. Alichonga vinyago kijijini kwetu Wamunyu, kisha akachonga hapa Nairobi kwa miaka thelathini, hadi akili ilipoanza kumtoka. Kwanza alisahau majina ya patasi zake, halafu majina yetu. Mwaka jana alianza kutoka. Alikuwa akienda nyumbani, alisema, na nyumbani ilikuwa Wamunyu, kwa miguu. Simu tulimnunulia mbili. Ya kwanza aliigawa, ya pili akaizika kwenye ndoo ya mchanga wa mafundi ili isiibiwe.

Ndugu yangu Muindi ni fundi. Hutengeneza redio na kufunga antena za televisheni juu ya mapaa. Ndiye aliyeunda mashine ile, kisanduku kidogo kama kiberiti cha jikoni, chenye betri ya mraba ambayo tulibadilisha kila asubuhi ya pili. Ilitoa mlio mmoja, tii, tii, tii, ambao ungeusikia tu kwenye redio yetu ndogo, mwisho kabisa wa mawimbi ya kati mahali ambapo hapakuwa na stesheni. Waya wake niliushona mimi mwenyewe ndani ya bitana, kutoka kiunoni hadi kwenye ukosi, umefuata uti wa mgongo.

Jioni tulipomaliza, Muindi alinifundisha kuitumia.

"Njoo, daktari wa fizikia," alisema.

"Niache. Unajua niliitupa fizikia Form Two."

"Hukuitupa. Mlitalikiana, na mwalimu akasherehekea."

Alinipeleka kibarazani akashika ncha ya kamba ya nguo, akaipiga juu mara moja. Nundu ilikimbia kwenye kamba mpaka ukutani. Soksi za Baba ziliruka zilipofikiwa, kisha zikatulia palepale.

"Umeona soksi zikienda ukutani?"

"Hapana."

"Na kitu kimeenda ukutani?"

"Kimeenda."

"Basi. Hakuna kinachosafiri ila kule kutikisika. Sasa ondoa kamba. Bakisha kutikisika peke yake."

Nilimwambia kitu hakiwezi kutikisika bila kitu. Alicheka, akasema hapo ndipo watu wengi hukwama. Akaeleza kwamba kwenye mawimbi ya redio ni viwili, umeme na sumaku. Umeme ukibadilika unazaa sumaku, sumaku ikibadilika inazaa umeme, na kwa kuzaana hivyo vinasonga mbele hata mahali ambapo hakuna hewa. Waya wa Baba umesimama, kwa hiyo umeme unapanda na kushuka. Sumaku haiwezi kufuata njia hiyohiyo, inakwenda kushoto na kulia.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Tulidhani amesinzia.

"Huo ni msumeno wa watu wawili," alisema. "Huyu akivuta, yule anavutwa. Hakuna anayekata peke yake. Na gogo lenyewe linaelekea kwingine."

Muindi alimwangalia kama mtu aliyeona taa ikiwaka kwenye nyumba iliyohamwa.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Ndiyo hasa."

Kisha alichukua karai la maji akadondosha tone moja katikati. Duara likaenea. Karibu na tone, alisema, duara limejikunja sana, na mdudu akisogea kidogo tu pembeni anaona linatoka upande mwingine. Lakini fikiria karai kubwa kama uwanja wa ndege. Ukingoni kule, duara limekuwa kubwa mpaka kipande kinachokupita kimenyooka. Unaona kuta zinapita, moja baada ya nyingine, kama mabati yaliyobebwa yakiwa yamesimama, na kila bati ni sawa kutoka ncha hadi ncha. Tembea pembeni hatua kumi, hatua ishirini, hakuna kitakachobadilika. Hapo unajua aliyetuma yuko mbali. Ukisogea pembeni na mwelekeo ukageuka, yuko karibu.

Aliifungua redio akanionyesha kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Hicho hunasa sumaku. Kikilala ubavu mbele ya Baba, sumaku inapita ndani yake, nawe unasikia. Kikielekeza ncha kwa Baba, sumaku inakikata kama njia panda na hakishiki kitu. Mlio unakufa.

"Kwa hiyo usitafute kelele. Zungusha polepole utafute kimya. Mahali kimya kilipo, kijiti kinamnyooshea kidole. Sasa kidole kina ncha mbili, mbele na nyuma. Tembea upande mmoja. Mlio ukikua, umeshika ncha yake."

Kuna jambo la mwisho alilosema. Chai ilikuwa inafurika jikoni, nami nilikuwa nimekwisha kusimama. Alisema waya ukilala, wimbi nalo linalala. Baba akasema, "Kila mtu hulala," tukacheka sote, nikakimbilia chai. Muindi aliendelea kuongea nyuma yangu. Nilimsikia kama mtu anavyosikia matangazo ya kanisani, ya mkutano usiomhusu.

Jumanne ile niliteremka na redio mkononi. Muindi alikuwa mtaa wa Donholm juu ya paa, na akiwa juu ya paa simu huiacha chini kwenye mkoba wa vyombo. Nilimpigia mara sita. Jirani yangu Adongo alikuwa akifagia ngazi.

"Mama, mzee amepita hapa akanisalimia vizuri sana. Aliniita Ndunge."

Ndunge alikuwa mama yetu.

"Alielekea wapi?"

"Alishuka tu. Nikamwambia, baba yangu, baridi hii! Akasema yuko na koti."

Kati ya majengo mlio ulichanganyika, ukawa unatoka kila ukuta. Nilipofika uwazi wa barabara nilizungusha redio, nikapata kimya, mstari mmoja, ncha moja upande wa Donholm na nyingine upande wa reli. Nilitembea hatua hamsini upande wa reli. Mlio ulikua. Nilitembea pembeni hatua ishirini na mstari haukusogea. Yuko mbali, nikajiambia, lakini yupo. Nikaanza kukimbia.

Vijana wa bodaboda waliniona nikizunguka na redio kifuani.

"Madam, unatafuta network ama mume?"

"Natafuta baba yangu."

Waliacha kucheka. Mmoja alisema wazee wawili wamepita lakini hakukumbuka koti.

Kufikia saa tano nilikuwa kwenye ukuta mrefu wa bohari, karibu na reli. Mlio ulikuwa mkubwa, tii, tii, tii, wazi kama kifaranga. Nilitembea pembeni hatua kumi na mstari ukageuka waziwazi. Nilirudi nyuma hatua kumi, ukageuka tena. Duara lilikuwa limejikunja. Baba alikuwa karibu. Nakumbuka furaha niliyoipata pale, furaha ya kijinga ya mwanafunzi aliyepata hesabu, nikawaza nitakavyomwambia Muindi kwamba tumerudiana, mimi na fizikia.

Ndipo mlio ukakatika.

Haukufifia. Ulikatika. Nilizungusha redio duara zima, polepole, kama nilivyofundishwa. Kimya. Nikazunguka tena. Kimya kilikuwa kila upande, na kimya cha kila upande hakinyooshi kidole popote. Niliita, "Baba! Baba Muindi!" Lori lilikuwa likirudi nyuma ndani ya bohari, na sauti yangu sikuisikia hata mimi.

Nilifikiri ni betri. Zamu ya kuibadilisha ilikuwa ya asubuhi ile, nami nilitangulia kufua. Mlinzi wa bohari alikataa kunifungulia bila ruhusa. Nilizunguka nje ya ukuta kwa muda, upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili una uzio wa reli. Kisha nikarudi nyumbani kumngoja Muindi. Niliondoka pale kwa miguu yangu.

Muindi alifika saa tisa, vumbi la paa bado liko kwenye nywele zake.

"Mlio ulififia ama ulikatika?"

"Ulikatika. Betri..."

"Betri haikatiki, betri inafifia. Uliisimamisha redio?"

"Kusimamisha vipi?"

Alichukua redio akaanza kushuka ngazi mbili mbili, nami nikamfuata. Ukutani pa bohari aliiwasha, akaizungusha ikiwa imelala. Kimya. Kisha akaishika wima kama chupa ya soda, kijiti kikitazama juu.

Tii, ilisema redio. Tii. Tii.

"Amelala," Muindi alisema. Uso wake sikuutazama. "Waya umelala, umeme umelala nao. Sumaku imesimama. Kijiti chako kilikuwa kimelala, hakingeshika kitu. Nilikuambia, Nthenya. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Mlinzi alimfungulia Muindi. Nyuma ya bohari kuna mtaro mkavu wa maji ya mvua, unaoelekea relini, na Baba alikuwa humo, ameanguka ubavu. Nilihesabu hatua tukirudi, sijui kwa nini. Kutoka pale niliposimama saa tano hadi kwenye mtaro ni hatua mia moja na themanini.

Daktari alisema hakufa kwa kuanguka. Mguu ulivunjika kwenye nyonga, na moyo wake haukustahimili. Alikadiria saa saba, labda saa nane. Nilimwomba arudie saa hizo, akarudia taratibu, akidhani sikusikia.

Kwa hiyo alikuwa hai nilipokuwa ukutani. Alikuwa hai nilipopanda ngazi za nyumbani, na nilipomwaga uji wake ulioingia nzi kwenye sinki. Kila sekunde koti lilikuwa likimwita mtu, na kuta zile za mawimbi zilinipita mwilini moja baada ya nyingine, zimelala chali, nami nimeshika chombo cha kuzisikia. Ilibaki kukigeuza kwa mkono tu.

Muindi hajanilaumu. Kwenye mazishi huko Wamunyu aliwaambia watu kwamba dada yake alimtafuta Baba asubuhi nzima, na hakuna aliyejua ni kwa nini nilitoka nje. Tangu hapo haongei habari za mawimbi. Mteja akimuuliza kwa nini antena inawekwa hivi na si vile, humjibu, "Ndivyo zinavyowekwa."

Nilimuuliza kama wimbi hufika mahali likaisha. Hilo alinijibu, mara moja, akiwa amenipa mgongo. Alisema linaendelea, linakuwa dogo tu, na zaidi ya hapo halibadiliki.

Betri aliichomoa yeye, usiku wa Jumanne ileile. Ilikuwa bado na nguvu.

Koti liko kwenye sanduku chini ya kitanda changu, waya bado uko ndani. Nguo naanika kwenye kamba ileile, kwa sababu nyumba hii haina mahali pengine pa kuanikia.